Mapigo Sawa

Jumanne, saa tano na dakika arobaini asubuhi, harufu ya kabichi ilipokuwa imekwisha kupanda kutoka jiko la kiwanda, Fan Caixia wa safu ya pili ya washonaji aliingia zahanati, akakaa, akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya kimto cha pumba za mchele. Daktari Ruan Peilan aliufuta nyuzi zilizoganda, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho. Tone la maji likaanguka kutoka darini na kutua juu ya daftari la wagonjwa.

Daktari akalisogeza daftari. Tone la pili likaanguka mezani. Akakivuta kikombe chake cha chai, akakitega palepale, akaendelea na kazi.

Kushika mshipa hakuhitaji saa ya ukutani. Daktari hutumia pumzi yake mwenyewe. Akivuta na kutoa mara moja, moyo wa mtu mwenye afya hupiga mara nne, pengine tano, na kati ya pigo na pigo pana tofauti ndogo: huharakisha kidogo pumzi ya mwenyewe inapoingia, hukawia kidogo inapotoka, kama mtu anayetembea huku akitazama maduka. Moyo wa Caixia haukuharakisha wala haukukawia. Pigo lilipogusa vidole, tone liligusa kikombe, kwa wakati uleule.

"Linadondoka tangu lini?" Daktari Ruan aliuliza.

"Tangu sikukuu ya mbalamwezi."

"Na nyumbani?"

"Popote nikikaa, Shangazi. Mume wangu kahamia chumba cha pili. Anasema hakuoa bomba."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Ni Dada Lü, msimamizi wetu, kanituma, anasema namlowanisha jirani."

"Unaota ndoto?"

"Zamani niliota."

"Mara ya mwisho kucheka ni lini?"

Caixia alifikiri, kama mtu aliyeulizwa namba ya kitambulisho ambacho amekiacha nyumbani. "Kwani ni lazima?" akauliza.

Baba yake Daktari Ruan, aliyemfundisha kazi hii kwa kumshikisha mikono ya majirani tangu akiwa na miaka tisa, aliwahi kumweleza habari za mshipa wa paa linalovuja: pigo, pigo, pigo, lisilo na haraka wala uvivu. Mwenye mshipa huo, alisema, hamalizi siku saba. Mzee yule aliugusa mara nne tu maishani, na kila mara kwa mtu aliyekwisha kulazwa juu ya mbao kungoja kufa. Hakutaja maji. Pengine enzi zake watu walikufa upesi mno, maji hayakuwahi kufika.

Daktari aliandika mapumziko ya siku kumi. Karatasi yake haikuwa na nguvu mpaka ipite kwenye mashine iliyosimama ukumbini, chini ya picha yake mwenyewe akiwa amevaa koti jeupe na anatabasamu. Caixia akaingiza mkono kwenye bangili ya mashine. Mashine ikanguruma kidogo, kisha ikasema, kwa sauti ya Daktari Ruan, "Uko sawa. Tisini na nane."

Basi Caixia akarudi kazini. Alikufa Jumamosi, kabla ya chai ya saa kumi, akiwa ameinamia mwavuli wa njano. Tone lake lilikoma palepale, na mwenzake wa kulia, aliyekuwa amezoea kulisikia, alikosea mshono mara mbili.

Ingekuwa kiwanda cha viberiti, au hata cha madaftari, habari ingefika mkoani siku hiyohiyo. Lakini Xiantang ni mji wa miavuli, na kitambaa cha mwavuli hakimwogopi mtu anayevuja. Mwisho wa mwezi matone yalikuwa yakianguka juu ya viti thelathini na vinane. Mafundi wa paa walipanda, wakatembea juu ya vigae siku mbili, wakashuka wakasema kule juu ni kukavu, hata paka anaweza kulala. Uongozi ukaamua kila anayedondokewa apewe mwavuli mmoja katika ile iliyokataliwa na wakaguzi, ufungwe kwenye egemeo la kiti. Ukiingia ukumbini ungedhani pana harusi.

Dada Lü, msimamizi wa safu, alikuwa mwanamke wa macho makali na moyo wa kawaida. Yeye ndiye aliyegundua kwamba wanaodondokewa hawakosei mshono. Alipoletewa wafanyakazi wapya, jambo la kwanza alilouliza ni hili: "Huyu anadondokewa, au ndiyo wale wa kukauka?" Washonaji nao walikuwa na mzaha wao. Waliambiana haba na haba hujaza kibaba, kisha wakacheka, wale ambao bado waliweza.

Kuhusu Caixia, jalada lilifungwa upesi. Mashine ilimpa tisini na nane. Mtu aliye sawa hawezi kufa kwa kazi, kwa hiyo alikufa kwa jambo la nyumbani kwake.

Hapa ndipo ilipo aibu ya Daktari Ruan, na afadhali isemwe mapema. Miaka mitatu nyuma alikuja kijana mmoja kutoka mji mkuu wa jimbo, Mhandisi Dou, mwenye adabu na miwani mikubwa, akiwa na masanduku mawili ya waya. Alisema anataka kuhifadhi elimu ya vidole vya Daktari kabla haijaenda naye kaburini. Daktari alipenda namna alivyolisema. Kwa siku arobaini alishika mikono ya wafanyakazi, mashine nayo ikiisikiliza mikono ileile, na kila aliyekuwa mzima alimwandikia neno moja, kama alivyoandika baba yake na babu yake: sawa. Kwa kalamu yao ni herufi moja tu ya mistari mitano. Kwa waganga, mshipa ulio sawa ni mshipa wa mtu aliyekula, akalala, akagombana na mkewe, wakapatana. Ni mshipa mzima.

Siku arobaini hazikutosha kuifundisha mashine. Mhandisi Dou hakutaka kumsumbua mama mtu mzima, akaamua kuisaidia. Akalitazama lile neno, akaliona ni rahisi. Katika kazi yake, kitu kilicho sawa ni kile kisicho na mlima wala bonde. Akaiambia mashine: kadiri tofauti kati ya pigo na pigo inavyopungua, ndivyo mtu anavyokuwa sawa zaidi. Kisha akamwomba Daktari asome maneno machache mbele ya kinasa sauti, na Daktari akayasoma vizuri, akarudia pale alipokohoa. Akapiga muhuri wake mahali alipoonyeshwa. Kikulacho ki nguoni mwako, ila yeye alikuwa amekishonea na mfuko.

Caixia alipokwisha kuzikwa ndipo Daktari alipoketi akayapitia majibu ya mashine, jina kwa jina, akaelewa.

Jumapili iliyofuata alipika tambi kwa majani ya haradali yaliyokaushwa na nyama ya nguruwe, chakula ambacho binti yake, Qi Wanqiu, alikipenda tangu utotoni. Mama alimwita Aqiu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mshonaji wa kiti namba arobaini na moja. Mumewe alifanya kazi kusini na kuja mara moja kwa mwaka, na wao watatu, Daktari, Aqiu na mtoto Dandan wa darasa la pili, waliishi ghorofa ya tatu katika nyumba za kiwanda. Dandan alikwisha kula akatoka kucheza. Tone likaanguka katika bakuli la Aqiu.

Aqiu akalisogeza bakuli kushoto bila kutazama, akaendelea kula.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Nini?"

"Usinichezee. Limeanza lini?"

"Jana. Kula, Mama, tambi zinavimba."

"Lete mkono."

"Nakula."

"Lete mkono, Aqiu!"

Mama aliujua mkono ule kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Aliushika ulipokuwa na umri wa siku tatu. Aliushika wakati wa surua, na siku Aqiu alipofeli mtihani wa kuingia sekondari ya juu akavunja sahani nne. Kwa mkono ule alijua kuwa Dandan yupo kabla Aqiu hajajua. Ulikuwa mshipa mkorofi siku zote, wa kuruka na kusitasita, na pale chini ya kidole panaposomwa ini palikuwa na hasira nzuri ya kudumu. Sasa alipima mahali pote, mkono wa kushoto na wa kulia, na kote palikuwa na jambo moja, pigo, pigo, pigo, kama cherehani inayoendeshwa na mtu aliyetoka.

"Kesho huendi kazini," alisema.

"Kwa cheti gani?"

"Changu."

"Cheti chako kinapita kwenye mashine yako, Mama. Na mashine yako imenipa tisini na tisa. Picha yangu iko langoni, ina ua jekundu la sifa. Hukuiona?"

"Niliiona."

Aliiona Jumatatu ilipobandikwa, kabla hajayapitia majibu ya mashine. Alisimama akaitazama, akajisikia fahari, akapita. Jambo hilo lilimchoma sasa, akalisukuma bakuli lake pembeni.

"Siku tatu bila cheti, nafukuzwa," Aqiu alisema. "Nikifukuzwa, nyumba inarudi kwao, na Dandan anatolewa shule katikati ya muhula. Sasa unataka nifanye nini?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi ya watu wengine.

"Nipigie kelele basi."

"Nikupigie kelele kwa nini?"

Mama akaogopa. Alasiri nzima alihangaika. Alimchoma sindano za wayo, alimpa pilipili ya kukaanga kijiko kizima, alimkumbusha mazishi ya baba yake. Mwishowe alimzaba kofi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aqiu alijipangusa shavu, akamuuliza kama amwongezee chai. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili halikuwa bishi hata kidogo. Lilikuwa tayari kusikia chochote. Tone halikubadilika.

Jumatatu Daktari Ruan alikwenda kwa Mkuu wa Utumishi, Bwana Miao Defu, mtu mpole aliyefuga samaki wa dhahabu ofisini na kuwajua kwa majina.

"Mashine inasoma kinyume," alimwambia.

"Mashine ipi, Daktari?"

"Yenye picha yangu."

Akamweleza yote. Bwana Miao alisikiliza kwa adabu, mikono juu ya tumbo.

"Mimi nami nilikwenda shule kidogo," alisema. "Sawa ni sawa. Meza ikiwa sawa haiyumbi. Barabara ikiwa sawa gari halirushi watu. Leo moyo ndio uwe na lugha yake?"

"Ulikuwa nayo kabla ya meza."

Bwana Miao alicheka, akalipenda jibu. Akampigia Mhandisi Dou, akaiweka simu mezani ili wote wasikie. Daktari alieleza tena.

"Kwa hiyo niligeuza, Mwalimu Ruan," Mhandisi Dou alisema.

"Uligeuza, mwanangu."

"Lo! Nisamehe sana. Nisamehe mno. Lakini ni mstari mmoja tu wa hesabu, Mwalimu. Dakika tano namaliza."

Daktari Ruan aliisogelea simu. Dakika tano alikuwa nazo.

"Subiri kwanza," Bwana Miao akasema. "Vyeti elfu kumi na moja vimekwisha kutoka, vyote vina muhuri. Ukigeuza leo, vya jana vinakuwaje?"

"Vinakuwa kinyume," simu ikajibu.

"Na Fan Caixia?"

"Anakuwa... alikuwa mgonjwa."

"Na sisi tuliompanga zamu?"

Samaki mmoja alipanda juu ya maji, akafungua kinywa, akashuka.

"Basi tuingize kwenye toleo lijalo," Mhandisi Dou alisema kwa sauti ndogo. "Baada ya mwaka mpya wa jadi."

"Huo uko miezi mitatu mbele," Daktari alisema. "Mgonjwa wangu hana hata wiki."

"Nani huyo?" Bwana Miao akauliza.

"Mwanangu. Kiti namba arobaini na moja."

"Yule wa tisini na tisa?" Uso wa Bwana Miao ukang'aa kweli, maana hakuwa mnafiki. "Hongera, Daktari!"

Daktari Ruan alirudi zahanati akakaa. Alipojishika mkono wake mwenyewe alikuta ghasia tupu: pigo moja lilikimbia, lingine lilisimama, la tatu lilirudi kuulizia. Alikuwa hajalala. Akatabasamu kidogo, kwa kuwa hatimaye alikuwa ameona njia.

Jumanne asubuhi, Aqiu akiwa anaoga, mama alichomoa kadi katika koti lake, akashuka ngazi, akafika ukumbini kabla ya mtu yeyote. Aliigusisha kadi ya Aqiu kwenye mashine. Akaingiza mkono wake mwenyewe kwenye bangili, akafikiria kaburi.

"Hauko sawa," mashine ikamwambia kwa sauti yake. "Thelathini na moja."

Asiye sawa alikuwa na haki ya kupumzika siku kumi, ilikuwa imeandikwa ukutani. Daktari aliinyakua karatasi ikiwa bado na joto, akaenda nayo kwa Bwana Miao karibu akikimbia, mwanamke wa miaka sitini na moja, viatu mikononi kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa deki. Bwana Miao aliisoma, akavua miwani.

"Maskini," alisema. "Juzi tisini na tisa, leo thelathini na moja. Lakini usiwe na hofu, Daktari. Maneno yako ya jana yalinigusa. Nilirudi nyumbani nikayafikiri, nikafungua kumbukumbu zetu zote. Unajua nimeona nini? Wale wasio sawa tukiwapumzisha, wanarudi wakiwa hawako sawa zaidi. Lakini wapo mia moja na sita ambao hatukuwa na watu wa kushika nafasi zao, tukawaacha kwenye safu. Baada ya miezi miwili wote wamekuwa sawa. Wote! Kumbe dawa ni safu yenyewe." Akamsogezea tangazo lililokuwa na muhuri wa asubuhi hiyo. Asiye sawa ataongezewa saa nne kila siku mpaka awe sawa. "Nimeanza leo. Kwa ajili ya binti yako nimefurahi sikuchelewa."

"Mkono ni wangu," Daktari alisema.

"Ndiyo, ndiyo."

"Bwana Miao, nisikilize. Aliyepimwa ni mimi. Nilitumia kadi yake. Mpime tena!"

"Mashine hupima mara moja kwa wiki." Akamwekea mkono begani. "Mama yeyote angesema hivyo, Daktari. Hata mama yangu mimi."

Aqiu aliipokea karatasi yake ya saa nne za nyongeza, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akaendelea kushona. Mama alisimama nyuma ya kiti chake. Alitaka kumwomba radhi, ila hakukuwa na mtu wa kuipokea.

Aqiu alikufa Alhamisi, saa nane mchana, katikati ya mwavuli wa mtoto wenye picha za mabata. Tangazo la kiwanda lilieleza kwamba kwa mara ya kwanza mashine iliuona ugonjwa kabla ya kifo, siku mbili kamili, na kwamba vyombo vya namna hii ni fahari ya mji. Mhandisi Dou alituma shada la maua. Juu ya utepe aliandika samahani, bila kusema ya nini.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini ya Aqiu hayakukoma kama yalivyokoma ya Caixia. Asubuhi baada ya mazishi, tone lilikuwa likianguka juu ya kiti chake mezani, palepale alipozoea kukaa, na Daktari Ruan akaweka bakuli. Dandan alihamisha madaftari yake yasilowe, akafanya hesabu zake pembeni.

Siku za mwanzo lilikuwa tone lilelile la kiwandani. Siku ya tatu moja likachelewa. Daktari aliweka kijiko chini, akangoja. Likaja. Siku ya nne yalianza kuharakisha birika lilipochemka, na mchana, viatu vya Dandan viliposikika kwenye ngazi, yaliharakisha zaidi, kisha mlango ulipofunguliwa yakatulia. Daktari akanyoosha mkono, akavipanga vidole vitatu chini ya maji, akafumba macho. Pale penye ini hasira ilikuwa imerudi, ndogo bado, lakini ndiyo yenyewe. Akalia kwa sauti, vidole vikiwa palepale.

Siku ya saba, ambayo wafu hurudi kutazama nyumbani kwao, alipika tambi kwa majani ya haradali, akaweka bakuli tatu. Dandan alisimulia jinsi mwalimu wa hesabu alivyokalia gundi akasimama na kiti. Matone matatu yakaanguka kwa mpigo, moja likamrukia Dandan puani.

"Mama anacheka," Dandan alisema, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Anacheka," bibi yake akakubali. "Mama yako amepona."

Alasiri, Dandan akiwa kwa jirani, Bwana Miao na Dada Lü walikuja kuhani msiba, na matofaa na boksi la maziwa. Walikaa. Waliona tone. Dada Lü akalielekezea kidevu.

"Ndiye?"

"Ndiye," Daktari alisema.

Hapo angenyamaza. Angeondoa bakuli, angesema ni bomba la jirani wa juu, na leo Aqiu angekuwa pale mezani. Lakini alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mjanja, na alikuwa mama, na mtoto wake alikuwa amepona. Alitaka waone. Akawaomba wasogeze viti.

"Sikilizeni," aliwaambia. "Huyo. Mmesikia alivyokawia? Sasa anaharakisha, amewaona wageni. Anakukasirikia wewe, Bwana Miao, sikia. Huyu ni mtu mzima wa afya. Hivi ndivyo tunavyoita sawa sisi. Miaka yote hii ndicho nilichokuwa nakiandika."

Bwana Miao alisikiliza kwa makini, kichwa upande. Hakumdharau. Kisha akafungua mkoba, akatoa bangili ndogo ambayo Utumishi huwapelekea wagonjwa walio nyumbani, akaishika chini ya tone.

"Hauko sawa," Daktari Ruan alisikia sauti yake ikisema katika mkono wa Bwana Miao. "Kumi na tisa."

"Kumi na tisa," Dada Lü akarudia, akatikisa kichwa. "Mtu aliyekuwa tisini na tisa."

"Tangu aache kazi anazidi kuharibika," Bwana Miao alisema kwa huzuni, na tayari alikuwa anaandika. "Bahati nzuri jina lake bado liko kwenye orodha mpaka mwisho wa mwezi. Aanze kesho, zamu ya kwanza, pamoja na nyongeza."

"Amekufa, Bwana Miao."

"Najua, Daktari. Poleni sana. Ndiyo maana sikuandika utoro."

Akaiacha karatasi mezani, chini ya matofaa ili isipeperuke. Matone yalikimbia, yakakimbia mno, mengine yakaanguka nje ya bakuli.

Kesho yake asubuhi kiti kilikuwa kikavu. Dandan alikishika kwa kiganja, akauliza mama kaenda wapi.

"Kazini," Daktari Ruan alimjibu, akamfunga vifungo vya koti, akampeleka shule.

Kisha akaenda ukumbini. Kiti namba arobaini na moja hakikuwa na mtu. Tone lilikuwa likianguka juu yake, na mbele yake cherehani ilikuwa ikishona, kitambaa kikijisogeza chenyewe kutoka ubavu hadi ubavu wa mwavuli, kama kawaida ya kazi ile. Egemeo la kiti lilikwisha kufungiwa mwavuli wa kukataliwa. Jirani wa kushoto alikuwa anasogeza kikapu chake kisilowe.

"Alifika saa moja kasoro dakika tano," Dada Lü alisema. "Hajakosea hata mshono mmoja."

Daktari Ruan alivipanga vidole chini ya maji. Hasira bado ilikuwepo. Ilipofika saa tano ilikuwa imepungua. Wakati wa chakula cha mchana alibaki amesimama, na safu yote ilipotoka kwenda kula, tone likasita mara moja, kama mtu anayegeuza shingo. Akaliita jina lake. Kengele ikalia, watu wakarudi, mkanda wa kusogeza miavuli ukaanza kwenda. Akavuta pumzi, akatoa: mapigo manne. Akavuta, akatoa: manne. Akarudia mpaka saa kumi, na hapo ile tofauti ya mwisho kati ya tone na tone ikawa imekwisha.

Dada Lü akamwomba asogee kidogo, kwa sababu alikuwa amezuia njia ya toroli.